Saa ya kumenya korosho ina thamani gani? Programu ya mstari kwa wanachuo wa Mtwara

Karibu kila anayechukua kozi ya programu ya mstari, yaani kutafuta jibu bora chini ya masharti ya mstari, hujifunza simpleksi (njia ya kufikia jibu hilo hatua kwa hatua) mpaka mkono unaizoea, halafu anakwama kwenye maswali mawili: kuandika masharti, na kueleza bei kivuli, yaani faida inayoongezwa na kipimo kimoja zaidi cha rasilimali. Hapo ndipo alama zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa hapo.

Chukua kikundi cha ubanguaji Newala. Namba ni za mfano tu. Kwa wiki kina korosho ghafi kilo 600 na saa 400 za kazi. Kinauza korosho zima za kukaanga, x kilo, faida sh 6,000 kwa kilo, na siagi ya korosho, y kilo, faida sh 4,000. Kilo moja ya bidhaa yoyote kati ya hizo inakula kilo 5 za ghafi. Korosho zima zinadai saa 4 kwa kilo kwa sababu ya kubangua na kumenya bila kuvunja. Siagi saa 2, maana vipande vinakubalika. Soko la siagi haliwezi kuzidi kilo 60.

Tafuta thamani kubwa kabisa ya 6,000x + 4,000y, kwa masharti:

5x + 5y ≤ 600
4x + 2y ≤ 400
y ≤ 60
x, y ≥ 0

Kosa linalojirudia ni kuandika x + y ≤ 600 kwenye mstari wa kwanza, kana kwamba kilo ya ghafi ndiyo kilo ya korosho iliyomenywa. Ubaya wake ni kwamba jibu linatoka zuri: x = 70, y = 60, faida sh 660,000. Halina sura ya kosa hata kidogo, ila linadai kilo 650 za ghafi na ghalani zipo 600. Andika kipimo kando ya kila namba, halafu angalia kama pande zote mbili za sharti zina kipimo kimoja.

Simpleksi yenyewe hapa ni hatua mbili. x inaingia kwanza kwa kuwa faida yake ni kubwa. Uwiano (kilichopo kugawanya kinachotumika kwa kilo): 600/5 = 120, 400/4 = 100; mdogo unashinda, saa zinaisha kwanza, x = 100. Ghafi inabaki kilo 100, na kila kilo ya siagi sasa inaongeza sh 1,000 tu, kwa sababu saa 2 zake zinanyang'anya nusu kilo ya korosho zima. y inaingia; kilo yake inakula ghafi 5 lakini ile nusu kilo inarudisha 2.5, hivyo uwiano mdogo ni 100/2.5 = 40. Jibu: x = 80, y = 40, faida sh 640,000. Kwenye uwiano ruka namba hasi na sifuri za safu ya egemeo (safu ya kigezo kinachoingia). Ukizihesabu utatoka nje ya eneo linalokubalika.

Sasa bei kivuli. Iite u kwa kilo ya ghafi, v kwa saa. Bidhaa zote mbili zinatengenezwa, kwa hiyo thamani ya ghafi na saa zinazoliwa na kilo moja inalingana na faida yake: 5u + 4v = 6,000 na 5u + 2v = 4,000. Inatoka v = 1,000 na u = 400. Soko la siagi halikujaa, bei yake ni sifuri. Hakiki: 600 × 400 + 400 × 1,000 = 640,000. Zikitofautiana na faida, rudi nyuma. Leonid Kantorovich alifikia namba za aina hii mwaka 1939 akigawa kazi za mashine za kiwanda cha plaiwudi huko Leningrad, miaka 8 kabla ya George Dantzig kuunda simpleksi.

Je, sh 400 ni bei ya kununulia kilo ya ghafi? Hapana! Kama ile 6,000 imeshatoa gharama ya ghafi, 400 ni nyongeza ya juu kabisa unayoweza kulipa *zaidi ya* bei uliyoiweka kwenye hesabu. Vivyo hivyo sh 1,000 kwa saa ni juu ya ujira ulioshatolewa. Na zina mipaka. Sh 1,000 inadumu saa zikiwa kati ya 360 na 480. Zaidi ya 480 ghafi yote imeshakwenda kwenye korosho zima, na saa ya ziada haina thamani. Ya ghafi inadumu kati ya kilo 500 na 650. Mwenyekiti akitaka kuongeza tani nzima, mwambie kwa saa hizo 400 ni kilo 50 za kwanza tu zinazolipa hiyo 400, kisha hesabu inaanza upya.

Kwenye Excel, Solver (zana yake ya kutafuta jibu bora) huja na njia ya GRG Nonlinear. Badilisha iwe Simplex LP. Kwenye Python, linprog ya maktaba ya SciPy inatafuta thamani ndogo kabisa tu, kwa hiyo geuza alama za faida ziwe hasi, na bei kivuli nazo zitatoka hasi. Si kosa la programu.

Mkifika kwenye usafirishaji, Masasi na Tandahimba kwenda bandari ya Mtwara au ghala la Lindi, magunia yakiwa namba kamili pande zote, jibu la kipeo (kona ya eneo linalokubalika) litakuwa namba kamili lenyewe. Malori siyo hivyo. Jibu likisema malori 3.4, kukata kuwa 3 kunaweza kuacha mzigo nyuma, na kupandisha kuwa 4 huenda si njia ya bei nafuu ikiwa kuna aina mbili za malori. Hapo tumieni njia ya matawi na mipaka, inayogawa tatizo vipande hadi jibu liwe namba kamili.