Jinsi tulivyoondoa hofu katika wodi ya wazazi

Nilipokabidhiwa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya wilaya hapa Tanzania, kabla ya kuzungumza na mtu yeyote niliomba rejista ya leba. Ukunga nimeufanya miaka mingi, na najua rejista husema mambo ambayo wafanyakazi hawathubutu kuyasema. Katika safu ya damu iliyotoka, ukurasa baada ya ukurasa, karibu kila mzazi alikuwa ametokwa na mililita 200. Aliyejifungua mapacha, 200. Aliyechanika akashonwa, 200. Hata aliyekimbizwa thieta usiku kutolewa kondo lililobaki na akaongezewa damu, naye ameandikiwa 200.

Wakunga wale hawakuwa wavivu wala wajinga. Niliwaona wakifanya kazi na mikono yao ilikuwa mizuri. Waliandika 200 kwa sababu anayeandika 700 huulizwa alikuwa wapi. Kesho yake hupokea barua inayomtaka aeleze kwa nini hatua za kinidhamu zisichukuliwe dhidi yake. Ukishapokea barua kama hiyo mara moja, au ukimwona mwenzako akiipokea huku akilia, huhitaji kufundishwa tena. Unajua namba salama ni ipi.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi yangu. Kizazi cha mama aliyefikisha miezi tisa hupitiwa na damu inayokaribia au kuzidi nusu lita kila dakika. Kisipojikaza baada ya mtoto kutoka, mama anaweza kutuponyoka kabla chai haijapoa. Mkunga mwenye hofu hujaribu kwanza peke yake. Anakanda tumbo, anaongeza oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, anabadilisha kitenge kilicholowa ili kisionekane, anaomba Mungu, na ndipo, akiona maji yamezidi unga, anamwita daktari. Dakika zile alizotumia kujilinda ndizo mama alizozihitaji. Kwa hiyo nasema bila kusita kwamba upole wa kiongozi leba ni sehemu ya matibabu, sawa na dawa iliyo kwenye friji.

Nilianza na ripoti ya asubuhi. Saa moja na nusu, zamu ya usiku inapokabidhi kwa zamu ya asubuhi, ilikuwa saa ya kusutwa. Mtu amekesha, miguu imevimba, halafu anasimamishwa mbele ya wenzake na wanafunzi wa field, anaulizwa kwa nini patografu, chati ya kufuatilia uchungu, haikujazwa saa tisa usiku. Saa tisa usiku alikuwa na wazazi wawili wanaosukuma kwa pamoja, lakini hilo halikuulizwa. Nikaweka utaratibu kwamba kwenye ripoti tunazungumzia wazazi tu. Nani anatutia wasiwasi, nini kimekosekana usiku, na nani amehitaji msaada akaukosa. La kumrekebisha mtu linasubiri faragha, na linasubiri alale kwanza. Mwanzoni wengine walidhani nimelegeza kamba. Lakini baada ya muda ripoti zilianza kuwa ndefu kuliko zamani, maana watu walianza kusema.

Kisha kuitwa. Niliwaambia wote kwamba simu yangu iko wazi usiku, na kwamba anayeniita bila sababu atapata asante ileile ya aliyeniita kwa sababu. Maneno kama haya ni rahisi kuyatoa, na wafanyakazi wameyasikia kwa viongozi wengi, hivyo wanasubiri kuona. Nafasi ikaja. Muuguzi kijana, ndiyo kwanza ameajiriwa, alinipigia usiku wa manane: "Shikamoo mama, samahani sana kukuamsha, naomba uje umwangalie huyu mzazi, simwelewi." Nyumba ninayoishi haiko mbali. Nilikwenda. Mzazi alikuwa salama, kizazi kimejikaza vizuri, damu ni ya kawaida. Yule binti akaanza kuniomba radhi hadi machozi yakamlenga. Nilimwambia, "Mwanangu, umefanya kazi yako. Kesho ukitilia shaka, niite tena." Asubuhi kwenye ripoti nilimshukuru kwa jina mbele ya wote. Naamini asubuhi ile ilibadilisha mengi kuliko semina zote tulizowahi kuletewa, kwa sababu waliona kwamba aliyeita kwa tahadhari hakuaibishwa.

Kwa madaktari ilikuwa kazi nyingine. Baadhi yao waliitikia simu kwa ukali, na mkunga aliyefokewa mara mbili hapigi mara ya tatu. Sikuwalaumu moja kwa moja, maana daktari wa zamu naye alikuwa mmoja kwa wodi zote, hajala tangu mchana. Nilikaa nao, nikawaomba jambo moja tu, kwamba mkunga akipiga simu, swali la kwanza liwe "mzazi yukoje?" Na kwa wakunga nikasema, anayeogopa kumpigia daktari anipigie mimi, nitapiga mimi. Haikuchukua muda mrefu, simu za kupitia kwangu zikapungua zenyewe.

Sehemu ngumu kuliko zote ni siku mama anapofariki. Mwongozo wa taifa wa kufuatilia vifo vya uzazi unataka kifo kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kikao cha kukijadili kifanyike ndani ya siku 7, na unasema wazi kwamba kikao si mahakama: kinatafuta sababu, hakitafuti mtu wa kumlaumu. Mwongozo ni mzuri. Tatizo ni kwamba barua ya kujieleza hufika haraka kuliko kikao, na anayeingia kikaoni akiwa na barua mfukoni hatasema lolote zaidi ya kujitetea.

Tulimpoteza mama mmoja kwa kifafa cha mimba. Mkunga aliyekuwa naye nilimkuta amekaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, gauni lina damu, anatazama ukuta. Nilimtoa kwenye sakafu ya leba, mwenzake akashika nafasi yake. Alipoweza, tulimalizia kuandika faili pamoja, yale aliyoyafanya na saa alizoyafanya, kwa sababu hayo yasipoandikwa mapema hupotea. Lakini maelezo ya kwa nini ilitokea, hayo nilikataa yaandikwe siku ile. Nilikwenda naye kwa ndugu wa marehemu, nikasema mimi, yeye akatoa pole. Nikampatia mapumziko, na jioni nikamtuma mwenzake aende kwake, asikae peke yake. Pia nilimwomba mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, barua yoyote isubiri kikao. Alisita, kisha akakubali.

Siku ya kikao nilikaa kiti cha pembeni yake. Alizungumza kwa sauti ndogo mwanzoni, halafu akasema jambo ambalo halikuwa limeandikwa popote: mashine ya presha ya leba ilikuwa imekufa kwa wiki kadhaa, na usiku kila aliyetaka kupima presha alikwenda kuazima wodi ya wanawake, ambayo nayo ilikuwa na moja. Mama yule alifika anaumwa kichwa, foleni ilikuwa kubwa, presha yake ikapimwa kwa kuchelewa. Wakunga wote walikuwa wakijua habari ya mashine ile. Hakuna aliyeisema juu kwa sababu aliyesema kabla yake alijibiwa kwamba analalamika sana. Mashine mbili zilinunuliwa kwa fedha za hospitali yenyewe. Yule mkunga bado yupo leba hadi leo, na yeye ndiye anayewafundisha wageni kuandaa magnesiamu, dawa ya kifafa cha mimba.

Lakini nisieleweke kwamba huruma ni kumwacha kila mtu afanye apendavyo. Tulikuwa na mkunga mzoefu, hodari wa kazi, ambaye aliwatukana wazazi. Aliyepiga kelele aliambiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na siku moja alimzaba mmoja kofi la paja. Wengine walisema ni kawaida, bila hivyo mtoto angefia njiani. Sikubali, na sitakubali. Nilimwita ofisini, nikafunga mlango, nikamwambia, "Dada, kofi lile limenifikia. Sitalifunika." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanieleza kwamba amekuwa zamu za usiku mfululizo kwa sababu hakuna wa kubadilishana naye, mama yake mzazi yuko kitandani nyumbani, na akitoka hapa anakwenda kumgeuza na kumwosha. Nilimsikiliza hadi mwisho. Zamu zake nilizibadilisha wiki ileile. Na wiki ileile pia nilimtoa leba, nikampeleka kliniki ya wajawazito kwa muda, nikaliandika kosa lake, na nikamtaka aende kumwomba radhi yule mzazi kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani na mtoto. Alikwenda. Miezi ilipopita akarudi leba, na wazazi sasa wanamtaja kwa wema. Mambo yote mawili yalihitajika. Ningempa adhabu peke yake, hasira yake ingeendelea kuwamwagikia wanawake waliolala kitandani bila mtetezi. Ningempa pole peke yake, wanawake haohao ndio wangelipa gharama ya upole wangu.

Ratiba ya zamu nayo ina siri nyingi. Chuki nyingi za wodini huzaliwa pale, fulani hafanyi Krismasi, fulani hafanyi Idi, fulani ni rafiki wa inchaji, yaani kiongozi wa wodi. Niliweka daftari mezani, kila mtu anaandika maombi yake kabla sijapanga, na wote wanayaona. Usiku na sikukuu zinazunguka kwa wote, mimi nikiwemo. Wanaonyonyesha niliwatoa zamu ya usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi akamnyonyeshe mtoto wake. Sisi ndio tunaowahimiza wazazi kunyonyesha miezi sita bila kuchanganya chochote. Niliona ni aibu kwamba mkunga anayetoa somo hilo anakamua maziwa chooni.

Sasa nirudi kwenye rejista. Hofu ilipopungua, namba ziliamka. Tukaanza kuona 450, 600, mara nyingine 1,100. Taarifa ya robo mwaka ilipopelekwa, niliitwa ofisini kwa mganga mfawidhi. Swali lilikuwa la haki kabisa: mbona tangu uanze kuongoza, wanaotokwa na damu nyingi wameongezeka?

Nilikuwa nimejiandaa. Nilieleza kwamba miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichunguza makosa ya dawa katika wodi za hospitali akitarajia kwamba timu zinazoongozwa vizuri zitakuwa na makosa machache. Akakuta ndizo zilizoandikisha mengi zaidi, na maelezo yaliyoeleweka ni kwamba watu wa timu hizo hawakuogopa kuyasema. Nikaeleza pia utafiti uliotolewa mwaka 2023 katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu. Kwenye hospitali zilizoendelea na mazoea ya kawaida, karibu nusu ya wazazi waliotokwa na damu nyingi hawakutambuliwa. Zilizotumia mfuko wenye vipimo unaowekwa chini ya mzazi, pamoja na matibabu yote kutolewa kwa mara moja, zilitambua zaidi ya asilimia 90, na damu ya kiwango cha hatari na madhara yake vikapungua kwa asilimia 60. Nikafungua rejista zetu mbili, ya zamani na ya sasa, nikaonyesha saa ya damu kuonekana na saa ya daktari kuitwa. Zamani pengo lilikuwa kubwa, au saa haikuandikwa kabisa. Sasa daktari anaitwa mzazi angali anaongea.

Mganga mfawidhi alizitazama kurasa zile kwa muda. Akauliza mifuko hiyo inapatikana wapi.

Uhaba wa watu bado uko palepale. Usiku tuko wachache mno, na hakuna ukarimu wa kiongozi unaoweza kuzaa mkunga wa tatu pale ambapo wameajiriwa wawili. Hilo nalisema kila kikao na nitaendelea kulisema. Wiki iliyopita inchaji wa wodi ya watoto wachanga alikuja kuniomba tukae naye, maana na kwake kuna safu ambayo kila siku inajazwa namba ileile. Tumekubaliana aanze na ripoti ya asubuhi, na wakunga wangu wawili watakwenda kukaa naye kwenye ripoti hizo hadi watu wake waanze kuzungumza.