Mafuta ya nazi yakiganda Njombe

Mama mkwe katuletea mafuta ya nazi kutoka Tanga, na kwa baridi ya huku Njombe chupa nzima imeganda. Jirani akaishika, akauliza: "Si ndivyo yanavyoganda kwenye mishipa?" Sivyo, dada yangu. Mafuta haya huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Mwilini mwako kuna 37.

Yanaganda kwa sababu minyororo yake ya kaboni imeshiba hidrojeni, imenyooka, kwa hiyo inapangana na kushikana. Minyororo mingi ya alizeti ina vipindo, haipangiki, ndiyo maana hata asubuhi ya Juni inamiminika.

Lakini mama mkwe asishangilie mapema. Mafuta yaliyoshiba hulifanya ini lipunguze vipokezi vinavyozoa LDL, yaani chembe zinazobeba kolesteroli, kutoka kwenye damu. LDL ikibaki nyingi kwa miaka, hupenya kwenye kuta za ateri na kujenga utando. Madhara yapo, ila njia yake si hiyo ya kuganda.

Kinachoniudhi zaidi, mimi mfamasia, ni chupa ya alizeti iliyoandikwa kwa herufi kubwa HAYANA KOLESTEROLI. Mafuta gani ya mmea yana kolesteroli ya kuhesabika? Ni sawa na kuandika "hauna mifupa" kwenye mfuko wa unga wa sembe. Kolesteroli nyingi hutengenezwa na mwili wenyewe, tena tunaihitaji kwa utando wa seli, nyongo na homoni.

Wali wa nazi wa Jumapili unaendelea. Maharage ya kila siku nayaunga kwa alizeti, na napima kwa kijiko.