Nilivyochagua masomo ya sekondari nikilenga shahada ya sheria

Hapa Amu, mji wa Lamu, mtoto akisema anataka uwakili huambiwa kwanza ashike Historia. Ushauri si mbaya, ila mlango haupo hapo. Vyuo vikuu vya Kenya havimdai mwombaji wa sheria Historia. Vinadai wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa sekondari, pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Mwenye wastani wa B+ aliyepata B- katika lugha zote mbili hakidhi sharti hilo. Kwa hiyo mwishoni mwa Kidato cha Pili, tulipotakiwa kupunguza masomo, nilianza kufikiria lugha ingawa ni za lazima. Nilitafuta masomo mengine ambayo hayatakula saa zake.

Sisi wa pwani Kiswahili hutuponza kwa kuonekana rahisi. Karatasi ya kwanza ya mtihani ni insha, alama 40. Ya pili ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40, isimujamii 10. Ya tatu ni fasihi, 80 tena. Angalia hizo 40 za matumizi ya lugha. Huulizwi kama unakijua Kiswahili. Unaambiwa ubainishe viambishi, utaje ngeli, uchanganue sentensi kwa matawi au jedwali. Mtoto wa mtaa wetu wa Langoni anayeongea kama maji anaweza kuzipoteza nusu, na mwenzake wa bara aliyejifunza kanuni akazizoa. Kwenye insha, "ndia" na "mato" ni makosa, hata kama ndivyo nyumba nzima inavyosema. Ufupisho nao huadhibu wanaopita idadi ya maneno. Mazoezi ya sarufi ya kila wiki yalinifaa kuliko kusoma riwaya ya ziada.

Kiingereza sikukiacha, japo B ya Kiswahili ingetosha kwa sharti. Hukumu husomwa kwa Kiingereza. Ile ya mwaka 2018 ya wavuvi wa Lamu na bandari ya LAPSSET, ambapo Mahakama Kuu iliagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76, inahusu bahari yetu wenyewe, lakini asiyemudu Kiingereza kirefu hafiki ukurasa wa tano.

Baada ya lugha zikaja hesabu za KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi nafasi za vyuo. Kundi la masomo ya sheria lina nafasi nne: Kiingereza au Kiswahili, Hisabati au sayansi yoyote, somo moja la kundi la tatu, yaani Historia, Jiografia au dini, kisha jingine, ambalo laweza kuwa sayansi, somo la pili la kundi la tatu, au la kundi la nne (kama Kilimo au Kompyuta) au la tano (kama Kifaransa au Biashara). Tuseme mwanafunzi ana Kiswahili A- (pointi 11), Kiingereza B (9), Hisabati D+ (4), Biolojia B (9), Kemia C (6), Historia A (12), Elimu ya Dini ya Kiislamu A (12) na Biashara B+ (10). Kundi lake ni 11 + 9 + 12 + 12, sawa na 44 kati ya 48. Kwa utaratibu ulioanza na KCSE ya 2023, wastani huchukua Hisabati, lugha iliyo bora, na masomo matano bora yaliyobaki: jumla 67 kati ya 84, yaani B+. Kemia imeanguka nje bila madhara.

Kukadiria pointi ambazo KUCCPS huzitumia kugawa nafasi, gawanya 44 kwa 48, gawanya 67 kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Inatoka karibu 41. Hapa ndipo wengi hukosea: wakishaona Hisabati haimo katika kundi lao, huitupa. Lakini imo katika jumla, na haiondoki. Ikipanda kutoka D+ hadi B- (8), makadirio hufika 42 na ushei, na kwenye kozi inayogombaniwa kama sheria, pointi moja huweza kuamua chuo.

Sayansi ni mbili kwa uchache. Nilishika Biolojia na Kemia, nikaacha Fizikia. Historia niliichukua kwa sababu sehemu ya C ya karatasi ya kwanza, alama 30, ni serikali: katiba, mahakama, bunge, ugatuzi. Dini ya Kiislamu niliichukua kwa kuwa aliyepita chuoni, yaani madrasa, ana akiba, na mada za ndoa, talaka na mirathi ndizo za mahakama za Kadhi chini ya Ibara ya 170 ya Katiba. Tahadhari: karatasi ni ya Kiingereza na hutaka hoja. Kumwaga aya ulizohifadhi bila kuzieleza hakukupi alama. Jiografia niliitamani kwa ajili ya ramani, maana kesi za ardhi Lamu haziishi, lakini somo la tatu la namna hiyo lingekula muda wa Hisabati.

Somo la nane niliuliza kwanza kama lina mwalimu wa kudumu, na matokeo yake ya miaka mitatu yalikuwaje. Kifaransa kilishindwa swali la kwanza. Biashara ilipita yote mawili.

Mdogo wangu yuko CBE, mtaala mpya wa umilisi, na mambo kwake ni mepesi kidogo. Mkondo wa Sayansi za Jamii una masomo matatu ya kuchagua juu ya yale ya lazima. Tumeweka Historia na Uraia, Dini ya Kiislamu, na Fasihi ya Kiswahili. Alidhani ameponyoka Hisabati. Nikamwonyesha kwamba asiye mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) bado anasoma Hisabati nyepesi zaidi, ile iitwayo Essential Mathematics, basi daftari lake la Gredi ya 9 asiliuze.