Kunguru wa Shimanzi na lenzi yangu

Mwezi uliopita niliitwa Shimanzi, Mombasa, kukagua kwa droni paneli za sola juu ya paa la godauni. Jirani yake ni yadi ya makontena, na kwa sababu ya makreni niliambiwa droni isishuke chini ya mita 60. Kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Kenya, ninacho, betri zimejaa, kamera ya joto inafanya kazi. Nikahesabu madoa ya moto 11, nikaandika ripoti: seli 11 (vile vipande vya paneli vinavyozalisha umeme) zimekufa, paneli zibadilishwe.

Fundi wa umeme wa pale, mzee asiyeamini skrini, akapanda ngazi mwenyewe. Akanipigia simu yuko juu huko huko. "Mamangu, njoo uzione seli zako. Tisa ni mavi ya kunguru."

Joto lilikuwepo, sikuliota. Seli ikifunikwa huacha kuzalisha, umeme wa wenzake unalazimika kupita humo, nayo inachemka. Lakini dawa yake ni ndoo ya maji na brashi.

Kilichoniponza ni lenzi. Sensa yangu ni pikseli (nukta za picha) 640 kwa 512, kila moja mikroni 12 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na lenzi ni ya milimita 13, haivuti. Kutoka mita 60, pikseli moja inameza zaidi ya sentimita 5 za paa. Seli yenyewe ina upana wa kama sentimita 15, kwa hivyo naipata kwa pikseli tatu hata hazitimii. Hapo utatofautisha nini na nini? Aliyeniuzia alinisifia "zumu mara 8". Ni zumu ya dijitali, yaani inakata kipande cha picha na kukitanua, kama kuchukua paspoti saizi ukaifanya bango la harusi.

Basi nikaazima lenzi ya zumu ya kweli, milimita 15 hadi 60, kwa rafiki wa Nyali. Mama yangu aliigeuza geuza mkononi, akaielekeza dirishani, akauliza, "Hii lenzi ama kifuniko?" Hakuona kitu ila uso wake, maana imetengenezwa kwa jarmani (germanium, elementi ya kijivu), inang'aa kama chuma na mwanga tunaouona kwa macho haupiti kabisa. Miale ya joto, yenye mawimbi ya urefu wa mikroni 8 hadi 14, inapita vizuri. Kioo cha kawaida ni kinyume chake, na majirani wanaodhani nawachungulia wajue kamera hii haipenyi hata kioo cha dirisha, sembuse ukuta.

Jarmani ni nzito, mara mbili ya kioo na ushei, na tangu China ianze kubana uuzaji wake nje mwaka 2023 bei haishikiki. Ndiyo maana lenzi ndogo za droni huchanganywa na kioo cha kalkojenidi, kioo maalumu kinachopitisha joto, chepesi zaidi na kisichoyumba sana kwa joto. Jarmani ikipata joto fokasi inahama, na kwenye paa la mabati la Mombasa saa saba mchana, inahama kweli.

Siku ya kwanza niliitoa kwenye gari lenye AC. Nikafungua kisanduku, unyevu wa pwani ukaikumbatia papo hapo. Picha ikawa uji mtupu, kwa sababu utando wa maji huzuia joto. Nikakaa dakika 20 chini ya mwarobaini nikisubiri ikauke. Siku hizi naendesha madirisha wazi, natoka jasho mimi na lenzi yangu.

Nilirudi Shimanzi kwa gharama yangu. Uzito ulinila dakika za hewani kutoka 31 hadi 24. Lakini kwa milimita 60 pikseli moja ni sentimita 1.2, na seli inajaa pikseli 12 na kitu. Paneli walikuwa hawajaziosha bado. Nikaona madoa yaliyochuruzika, yenye mikia, na mawili tu ya mraba safi, seli zilizokufa kweli. Ya mavi yalikuwa tisa, kama alivyosema mzee. Nikiwa bado natazama, kunguru mmoja, mweupe wa joto kwenye skrini, akatua paneli ya pembeni iliyokuwa haina kitu.