Munich hadi Colle delle Finestre: injini moja, mikao miwili

Anayechagua kati ya pikipiki ya spoti-turingi, ile ya kuinamia usukani kidogo, na ya adivencha, ile ya kukaa wima, kwa kawaida hulinganisha vitu visivyolingana. Injini ni tofauti, uzito ni tofauti, magurudumu ni tofauti, na mwishowe hajui kilichomfurahisha ni kipi. Kwa safari hii ya milima ya Alps, kutoka Munich, Ujerumani, hadi njia ya mlimani ya Colle delle Finestre, Italia, tulichukua Kawasaki mbili zilizozaliwa tumbo moja: Ninja 1000SX na Versys 1000. Injini ni ile ile ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,043, zote zinatumia mnyororo, na zote zina rimu za inchi 17 mbele na nyuma. Ninja imefunguliwa hadi nguvu farasi 142, Versys imepunguzwa hadi 120 ili ivute vizuri zaidi mzunguko wa chini. (Mwaka 2025 zote mbili zilipandishwa hadi 1,099, undugu ukabaki.) Kinachobaki kupimwa ni mkao, upepo na shokapu. Njiani tulikuwa tunabadilishana funguo kila tuliposimama kuweka mafuta.

Kazi ya kwanza ilifanyika Munich kabla ya kuwasha moto, nayo ndiyo wengi huiruka: kupima shokapu ya nyuma inalala kiasi gani chini ya mzigo. Mzigo ukishafungwa, pima umbali kutoka ekseli ya nyuma hadi alama yoyote kwenye mkia, gurudumu likiwa linaning'inia. Kisha mwendeshaji apande na nguo zake zote za safari, pima tena. Tofauti inatakiwa iwe kati ya robo na theluthi ya nafasi yote ya kucheza ya shokapu. Ninja ina milimita 144 nyuma, kwa hiyo unatafuta 36 hadi 48. Versys ina 152, unatafuta 38 hadi 50. Ikizidi, zungusha kirekebishi cha springi mpaka ipungue. Ukiacha hivyo hivyo, nyuma inalala, mbele inakuwa nyepesi, pikipiki inatanua kila kona na taa inawapiga machoni wanaokuja. Malalamiko mengi ya "pikipiki hii haikati kona" huishia hapo, kwenye springi ambayo haijaguswa tangu pikipiki ilipotoka dukani. Upepo wa tairi ni baa 2.5 mbele na 2.9 nyuma kwa zote, ukipimwa tairi zikiwa baridi.

Barabara kuu ya A95 kuelekea Garmisch-Partenkirchen ina sehemu ndefu zisizo na ukomo wa mwendo, na hapo ndipo upepo unapotoa hukumu yake ya kwanza. Ukipanda kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 130, nguvu ya upepo inaongezeka karibu asilimia 70, na kazi anayofanya injini kuushinda inazidi mara mbili. Kwenye Ninja upepo huo unakuwa msaada: unakuegemeza kifuani, uzito unaondoka kwenye viganja, na mwili unatulia. Ndiyo maana mkao wa kuinama unaochosha mjini unapumzisha barabara kuu. Kwenye Versys kifua kimesimama na ni kioo kinachokulinda. Kioo kikikosea kidogo tu, helmeti inaanza kutikiswa kama debe tupu.

Watu wengi hukimbilia kununua kioo kirefu zaidi. Mara nyingi ndicho kinachozidisha tatizo, kwa sababu vurugu ya hewa hutoka kwenye ukingo wa juu wa kioo, na kioo kirefu huupeleka ukingo huo karibu zaidi na masikio. Kipimo chake ni rahisi. Kwenye barabara tulivu, mwendo ukiwa thabiti, inuka taratibu juu ya vikanyagio mpaka kichwa kitoke kwenye vurugu na kuingia hewa laini. Kisha kaa, jikunje kidogo mpaka uipate hewa tulivu ya chini. Sasa linganisha. Kama kuinuka sentimita chache tu kulitosha, kioo kishuke kwa kiasi hicho hicho. Kama kujikunja kidogo ndiko kulikotuliza, hapo ndipo kipandishwe. Versys yetu ilitulia kioo kiliposhushwa. Helmeti ilikuwa bado na upepo, lakini upepo wa kunyooka hauchoshi kama ule unaogonga huku na huku.

Njia ya mlimani ya Fernpass, mita 1,212, ilikuwa foleni ya magari ya mapumziko. Versys inapumua hapa: unaona juu ya paa za magari madogo na usukani mpana unageuka kirahisi kwa mwendo wa kutembea. Kwenye Ninja viganja vilianza kudai chao. Njia inayofuata, Reschen, mita 1,507, ni kupita tu na kushuka hadi kijiji cha Prato, Italia.

Kutoka Prato hadi kilele cha njia ya mlimani ya Stelvio kuna kona 48 za kujikunja na mita 2,757 za kufikia. Juu huko injini ya aina yoyote isiyo na tabochaja imeshapoteza karibu robo ya nguvu zake kwa uhaba wa hewa, kwa hiyo zile farasi 22 za ziada za Ninja hazina la kusema. Tofauti halisi iko kwenye kona za kulia. Kwa kuwa Italia huendesha upande wa kulia, kona ya kulia ya kupanda ndiyo nyembamba na yenye mwinuko mkali zaidi upande wa ndani. Gia ya kwanza, au ya pili kama imetanuka. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka. Ingia kwa kuchelewa ukiwa upande wa kushoto wa njia yako bila kuvuka mstari. Geuza kichwa chote, kidevu kielekee begani, mpaka uone kona inakotokea. Akseleta isibadilike, klachi iwe kwenye sehemu inayoshika nusu, na breki ya nyuma ikanyagwe kidogo sana ili mnyororo usilegee na kukaza kwa ghafla.

Kinachoangusha watu hapo ni injini kuzimika katikati ya kona. Barabara imelalia ndani, kwa hiyo mguu wa kulia unaotafuta ardhi unaikuta chini kuliko ulivyotarajia, na mguu huo huo ndio uliokuwa kwenye breki. Wengi hudhani adivencha ndiyo hatari zaidi kwa sababu ya urefu wa kiti. Hapa siyo: Ninja ni milimita 835, Versys 840. Kinachotofautisha ni kwamba Versys ni nzito zaidi na uzito wake umekaa juu, kwa hiyo ikishaanza kulala haisikii maombi. Lakini usukani wake mpana unafanya isifike huko kirahisi, na kukaa wima kunakuonyesha juu ya ukuta wa kona nani anashuka. Kwenye Stelvio tungeichagua Versys bila kusita, hata kama barabara yote ni lami.

Kuteremka kuelekea Bormio kunaeleza upande wa pili wa mkao. Kila unapofunga breki, mwili unataka kwenda mbele. Kwenye Ninja uzito huo unaangukia mikononi, na mikono iliyokaza inazuia usukani kugeuka, pikipiki inanyooka kwenye kona. Dawa ni kubana tangi kwa magoti na kuacha viwiko vimelegea; kama huwezi kuvipunga viwiko vyako wakati unafunga breki, bado umeegemea. Tumia injini kuzuia mwendo, breki ziguswe kwa nguvu na kwa muda mfupi badala ya kuburuzwa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yenye maji huchemka mapema: mkono wa breki unakuwa laini, halafu unafika hadi kwenye mshikio. Ndiyo sababu hubadilishwa kila miaka miwili hata kama pikipiki haijatembea.

Kutoka Bormio tulifuata bonde la Valtellina, kisha barabara kuu ya A4 kupita Milan hadi Turin, tambarare tupu yenye malori. Hapa Ninja ilirudi kuwa mfalme. Upepo wa ubavu unaotoka nyuma ya lori unaipata Versys na masanduku yake ya pembeni, na kama kuna sanduku la nyuma lenye vitu vizito, mbele huanza kuyumba polepole. Ukiyumba, usibane usukani wala usifunge breki ghafla. Punguza akseleta taratibu. Kisha simama, hamishia vizito chini kwenye masanduku ya pembeni, karibu na kiti. Sanduku la nyuma ni la nguo za mvua na glavu. Tangi la Versys ni lita 21, la Ninja 19, lakini kwa mwendo wa barabara kuu lita hizo mbili huliwa na upepo.

Colle delle Finestre inapanda kutoka Susa. Chini ni lami nyembamba ndani ya msitu, na takriban kilomita 8 za mwisho ni changarawe hadi mita 2,178. Mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia yalipita hapa mara ya kwanza mwaka 2005. Hapa ndipo umbo la adivencha linapotakiwa kuthibitisha jina lake.

Versys ilipita kwa heshima. Unaweza kusimama juu ya vikanyagio bila kupinda mgongo, na milimita 30 za ziada za kucheza kwa shokapu ya mbele zinameza mashimo ambayo kwenye Ninja yalifika mikononi. Lakini tuseme ukweli: hii si pikipiki ya changarawe. Nafasi kati ya tumbo na ardhi ni milimita 150, ya Ninja 135, wakati Honda Africa Twin ya kawaida, adivencha ya changarawe kweli, ina 250. Gurudumu la inchi 17 linaingia ndani ya shimo ambalo la inchi 21 lingelivuka kwa juu. Breki za ABS, zinazozuia gurudumu kujifunga, kwa zote mbili zimepangwa kwa lami. Kwenye kokoto zinaachia mara kwa mara na pikipiki inasafiri mbali kabla ya kusimama, kwa hiyo umbali na aliye mbele lazima uongezwe. Kidhibiti cha kuteleza kiwekwe ngazi ya 1, la sivyo injini inakatwa katikati ya mwinuko. Tairi za lami tulizishusha hadi baa 2.2 mbele na 2.5 nyuma tu. Chini ya hapo, rimu hizi za kumiminwa hupinda kwenye jiwe kali.

Kwa njia kama hii yenye kilomita chache za changarawe ngumu, zote mbili zinafika, Versys kwa raha na Ninja kwa subira. Anayepanga kuendelea kulia kwenye barabara ya Assietta, ambayo ni changarawe ndefu ya mgongo wa mlima na hufungwa kwa vyombo vya moto Jumatano na Jumamosi mwezi Julai na Agosti, aache zote mbili na kutafuta yenye gurudumu la mbele la inchi 19 au 21. Na ambaye safari zake ni barabara kuu hadi hotelini asinunue urefu asiouhitaji. Mkao wima anaweza kuupata kwa kuinua usukani wa Ninja kidogo, na ataendelea kufaidi upepo na mwendo wake.

Upande wa kusini lami inarudi kuelekea Fenestrelle, na hapo kazi ni nne kabla ya kuongeza mwendo. Rudisha upepo wa tairi. Toa kokoto zilizonasa kwenye rejeta na ukague kama kuna pezi lililotobolewa. Futa mnyororo kwanza, ndipo upake mafuta, maana mafuta juu ya vumbi ni msasa unaokula sproketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba mnyororo. Mwisho, pitisha spana kwenye bolti za masanduku: mtetemo wa changarawe huzilegeza, na sanduku lililolegea husubiri kilomita 100 kwa saa ndipo litoke.