Nilivyopinga muswada wa tumbaku bila kumtetea mtengeneza sigara

Muswada mpya wa udhibiti wa tumbaku ulipotolewa ili wananchi watoe maoni, nilikaa nao jioni mbili nikausoma kuanzia kifungu cha kwanza hadi jedwali la mwisho. Navuta sigara tangu nikiwa na miaka 19, na sasa nina miaka 43. Wenzangu ninaovuta nao walikuwa wameshaanza kuulaani kabla hata ya kuuona. Mimi nami nilikuwa na hasira, ila nilitaka kujua napinga nini hasa.

Mengi yaliyokuwamo sikuwa na ugomvi nayo. Kukataza kuvuta ndani ya ofisi, magari ya abiria, shule na hospitali, kuondoa matangazo, kuweka picha za maonyo kwenye pakiti: hayo yalipaswa kufanyika zamani. Vifungu vitatu ndivyo vilivyonikaba. Kimoja kilikataza kuvuta mahali popote pa umma, hata kwenye uwanja mtupu usio na mtu, na atakayeshindwa kulipa faini angefungwa. Kingine kiliongeza ushuru wa sigara bila kutenga chochote cha kumsaidia anayetaka kuacha. Cha tatu kilipiga marufuku bidhaa zote zisizochomwa zenye nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu, yaani sigara za kielektroniki na vile vifuko vya nikotini vinavyowekwa kati ya mdomo na fizi, huku sigara yenyewe ikiendelea kuuzwa kihalali.

Hicho cha tatu ndicho kilichoniuma zaidi. Nimejaribu kuacha sigara mara tano. Mara moja nilifika miezi saba, kisha msiba ukatokea na jioni ile ile nikawasha. Vifuko ndivyo vilivyonishusha kutoka sigara 20 kwa siku hadi 4. Sasa nchi yangu ilikuwa inataka kunifungia mlango niliokuwa natokea, na kuniachia wazi ule nilioingilia.

Usiku ule niliandika kurasa nane za maoni kwa kamati ya bunge bila kusimama. Asubuhi nikampelekea shemeji yangu, mke wa kaka, ambaye ni muuguzi katika wodi ya magonjwa ya kifua. Nilitaka anisahihishie lugha tu. Akachukua kalamu nyekundu, akasoma nusu ukurasa, akanitazama.

"Shemeji, hapa umeandika moshi wako haumdhuru mtu mwingine."

Nikamwambia kuna watu wanaosema ushahidi wake ni dhaifu.

"Mimi nahudumia watu ambao hawajawahi kushika sigara, wameishi tu na mvutaji. Ukiipeleka sentensi hii kwenye kamati, hakuna atakayesoma inayofuata. Na mimi siisomi."

Akaniachia karatasi zangu mezani, akaondoka kwenda zamu.

Nilikasirika kwa muda. Halafu nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kuandika: nikachukua kila hoja yangu nikaitafutia mizizi. Hiyo ya moshi wa wengine haikuchukua muda kuanguka. Tangu mwaka 1981, mtafiti wa Kijapani Takeshi Hirayama alikuwa ameonyesha kwamba wanawake wasiovuta walioolewa na wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi ya wale ambao waume zao hawakuvuta. Watengenezaji wa sigara waliushambulia utafiti huo kwa miaka, lakini tafiti nyingine nyingi zikaja kuuthibitisha. Nikaifuta.

Nikamfuta na babu aliyevuta hadi uzeeni bila kuugua. Kila mvutaji ana babu kama huyo, na hatumtaji baba mdogo aliyekufa akiwa na miaka 51. Mimi nami ninaye wa namna hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya wanaoitumia wasipoacha, na babu mmoja hawezi kuibeba nusu hiyo mgongoni.

Nilikuwa pia nimeandika kwamba utawala wa Wanazi nchini Ujerumani ulipiga vita sigara, kwa hiyo anayepiga vita sigara leo anafuata nyayo zao. Ni kweli walifanya kampeni hizo. Lakini pafu halijali aliyeonya ni nani. Hoja hiyo hupendwa sana na watu wa upande wangu, na ni ya aibu. Nikaichana.

Ya ushuru ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu niliipenda. Nilikuwa nimeandika kwamba kupandisha bei hakupunguzi uvutaji, kunamwumiza maskini tu. Nusu ya kwanza si kweli. Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kwa takriban asilimia 4 katika nchi tajiri na asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nusu ya pili ina ukweli ndani yake: anayeshindwa kuacha analipa zaidi, na akiwa hana kitu analipa kwa kuinyima nyumba yake. Kwa hiyo sikuipinga kodi. Niliandika kwamba anayechukua fedha za mraibu kwa jina la afya yake anadaiwa dawa, ushauri na mahali pa kwenda.

Kurasa nane zikawa mbili na robo. Niliogopa nimebaki mtupu. Lakini nilipozisoma kwa sauti niligundua kila sentensi iliyobaki naweza kuisimamia mbele ya mtu yeyote, hata shemeji akitoka zamu ya usiku.

Hapo ndipo nilipoanza kujenga upya. Nilisoma habari za Bhutan, nchi iliyopiga marufuku uuzaji wa tumbaku mwaka 2004 na kutunga sheria kali zaidi mwaka 2010. Mwaka 2011 mtawa wa Kibudha alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa sababu ya tumbaku ya kutafuna aliyoiingiza kutoka nje bila kibali. Watu hawakuacha kutumia. Magendo yalivuka mpaka kutoka India. Ilipofika mwaka 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, serikali ikahofia kwamba wale wavushaji wanaleta na virusi, ikaiondoa marufuku. Afrika Kusini nayo ilizuia uuzaji wa sigara kuanzia Machi hadi Agosti 2020, na wavutaji wengi waliendelea kuzipata kichinichini kwa bei kubwa zaidi. Sikuandika haya kusema kwamba sheria hazifanyi kazi. Ireland ilikataza kuvuta ndani ya sehemu za kazi, baa zikiwamo, tarehe 29 Machi 2004, na watu walitii, nchi nyingine zikaiga. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Ireland ilimwambia mvutaji atoke nje, na Bhutan ilimwambia asiwe mvutaji.

Kwa kifungu cha vifuko nilisoma habari za Uswidi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku ugoro wa mdomoni, wanaouita snus, mwaka 1992. Uswidi ilipojiunga mwaka 1995 ikaomba iachwe nje ya katazo hilo, ikaachwa. Leo nchi hiyo ina kiwango cha uvutaji miongoni mwa vya chini kabisa barani Ulaya, na saratani ya mapafu kwa wanaume wake ni ndogo ukilinganisha na majirani. Nikotini wanaipata, moshi hawaupati. Daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, Michael Russell, alishaandika mwaka 1976 kwamba watu huvuta kwa ajili ya nikotini lakini huuawa na lami iliyomo kwenye moshi. Sentensi ya miaka hamsini iliyopita, na muswada wetu ulikuwa unaipindua: unaacha lami, unafukuza nikotini isiyo na lami.

Niliandika pia upande wa pili, kwa sababu ningeulizwa tu. Nikotini inaleta uraibu. Haifai kwa mtoto wala mjamzito. Shirika la Afya Duniani lina wasiwasi mkubwa na sigara za kielektroniki, hasa zile zenye ladha za matunda na rangi za kuvutia watoto. Nikapendekeza umri wa chini, kibali cha kuuza, kiwango cha juu cha nikotini, na kuondoa ladha za pipi. Halafu nikanukuu kitu nilichokikuta ndani ya mkataba wa shirika hilo wa udhibiti wa tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005 na ambao zaidi ya nchi 180 zimeuridhia. Kifungu chake cha kwanza kinaeleza udhibiti wa tumbaku kuwa ni mikakati ya kupunguza usambazaji, mahitaji na madhara. Kupunguza madhara kumo humo, kwa maandishi.

Siku chache kabla ya kikao nikapigiwa simu. Mtu mwenye sauti ya upole sana alijitambulisha kuwa anatoka chama cha kutetea haki za wavutaji. Amesikia nitazungumza mbele ya kamati. Wana hotuba tayari, wana usafiri, wana na posho ndogo. Nikamwuliza chama chake kinalipwa na nani. Akasema ni wadau mbalimbali. Nikamwuliza kama kuna kampuni ya sigara miongoni mwa wadau hao. Akasema hayo tutayazungumza tukionana.

Sikuonana naye. Nilikuwa nimeshasoma ya kutosha. Januari 1954 kampuni za sigara za Marekani zilichapisha tangazo katika magazeti zaidi ya 400 zikiahidi kwamba afya ya wateja wao ni jambo zito kuliko biashara. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kwamba kampuni hizo zilikula njama ya kuudanganya umma kwa miongo kadhaa. Vyama vya wavutaji vilivyoanzishwa kwa fedha zao navyo vimejaa katika nyaraka zao zilizofichuliwa mahakamani. Watu hao ndio walionifunga nyororo hii nikiwa na miaka 19. Siwezi kuwapa na mdomo wangu.

Kwenye kikao nilipewa dakika tano. Nilianza hivi: "Waheshimiwa, mimi ni mvutaji. Sijalipwa na mtu, nimekuja kwa nauli yangu. Sigara inaua, na moshi wangu unaweza kumwua asiyevuta. Nimekuja kuzungumzia vifungu vitatu tu." Mheshimiwa mmoja aliyekuwa anaandika kwenye simu yake aliinua kichwa. Nadhani walizoea kusikia upande wetu ukianza kwa kukana.

Aliyenitangulia kuzungumza alikuwa mama mwenye mtoto wa pumu. Alieleza jinsi anavyolazimika kupita katikati ya wavutaji kwenye mlango wa zahanati, akiwa amemziba mtoto pua kwa kanga. Wakati akizungumza nilikuwa nakumbuka milango yote niliyowahi kusimama. Ilipofika zamu yangu niliacha karatasi kwa dakika nzima, nikasema kwamba mama huyu ana haki kamili. Uwanja mtupu si shida yake. Shida yake ni mlango. Basi sheria itaje milango, madirisha, vituo vya mabasi, foleni na viwanja vya watoto, iweke umbali wa mita kadhaa, itoze faini. Na kifungo kiondolewe, maana atakayefungwa ni yule asiye na kitu.

Mjumbe mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo unataka watoto wetu wajifunze hivyo vifuko?"

Nikajibu, "Hapana, Mheshimiwa. Nina binti wa miaka 15 na nikimkuta navyo nitavitupa. Nataka mtu wa miaka 43 asilazimishwe kurudi kwenye moshi."

Akaniuliza tena kwa nini nisiache vyote. Nilimwambia ukweli, kwamba nimejaribu mara tano na bado najaribu. Hakuna aliyecheka. Tulipotoka, yule mama alinisubiri kwenye ngazi, akaniambia bado angependa tusivute kabisa, lakini mita za mlangoni anaziunga mkono. Tukapeana mikono.

Ripoti ya kamati ilitoka baada ya miezi miwili. Kifungo kiliondolewa. Katazo la kila mahali likageuzwa kuwa umbali kutoka milangoni, kwenye vituo na viwanja vya watoto, karibu kama nilivyopendekeza. Kwenye ushuru wakaweka sentensi moja isiyo na kiasi, kwamba serikali "itahimiza" huduma za kuacha kuvuta. Marufuku ya vifuko ikabaki kama ilivyokuwa.

Hapo nimeshindwa, na iliniuma siku nyingi. Lakini sheria iliyopitishwa imempa waziri mamlaka ya kutunga kanuni, na kanuni zinaweza kuruhusu bidhaa za nikotini kwa matumizi ya tiba. Wito wa maoni kuhusu kanuni hizo umeshatoka. Nimeandika kurasa tatu, safari hii nikieleza jinsi zahanati zinavyoweza kumpa vifuko mvutaji mzima aliyeshindwa kuacha kwa njia nyingine, kwa jina na kwa daftari. Shemeji anazo tangu juzi. Jana usiku alinipigia, akasema ukurasa wa pili una sentensi moja ambayo haiamini, nipite kesho akitoka zamu.