Ramani ya Simu Hadi Mungomi wa Kolo

Basi lilipoiacha Kondoa mjini, nikienda kuona michoro ya kale ya miambani ya Mungomi wa Kolo, nikaweka simu kwenye hali ya ndege. Dada niliyekaa naye kiti kimoja akashangaa: “Sasa ramani utaionaje bila bando, kaka?” Nikamsogezea kioo aone kile kidoti cha buluu kinavyokwenda na basi. GPS haili bando. Simu inapokea mawimbi ya setilaiti, zikipatikana nne inajua ilipo. Kinacholiwa na bando ni ramani yenyewe, na yangu nilishaipakua Dodoma.

Mjini natumia Google Maps, hakuna ubishi, hasa nikitafuta gesti. Lakini mtandao ukikata, eneo ulilopakua linakupa maelekezo ya gari tu. Mtembea kwa miguu hana lake. Ndiyo maana safari za porini naenda na Organic Maps: ya bure, haina matangazo, na inatumia data za OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004. Kubwa zaidi, ina mistari ya mwinuko, inayoonyesha wapi ardhi inapanda na wapi inashuka. Kwenye vilima vya Irangi programu isiyo na mistari hiyo siitaki, maana umbali wa kidole kimoja kwenye kioo unaweza kuwa mlima wa kukutoa jasho asubuhi nzima.

Kolo unaanzia ofisini, unalipia, unapewa wa kukuongoza. Wangu alikuwa mzee.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hiyo simu inasema tupite wapi?”

Nikamwonyesha njia ya vidoti iliyokata korongo moja kwa moja. Akacheka. “Hiyo ya ng’ombe, ya zamani. Twende ukaione.”

Tukaenda. Njia iliishia ukingoni: ukuta wa udongo mwekundu umesimama wima, kina chake kunishinda kimo, mizizi ya mgunga ikining’inia hewani, chini mchanga mtupu. Kondoa hiyo. Mmomonyoko ulitesa huku mpaka serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na 1979 mifugo ikaondolewa maeneo yaliyoharibika zaidi. Aliyechora njia ile bila shaka aliiona kwenye picha ya angani, na picha ya angani haionyeshi kina.

Tukazunguka kwa juu, mimi nikirekodi njia. Michoro ya Mungomi ilistahili mzunguko: watu wembamba warefu wa rangi nyekundu, vichwa vikubwa, na wanyama. UNESCO iliyaingiza maeneo haya kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Jioni chaji ilikuwa bado ipo. Porini kinachomaliza betri haraka ni simu kuhangaika kutafuta mnara, na yangu ilikuwa kwenye hali ya ndege. Nikiwa gesti Kondoa nikawasha data, nikaingia OpenStreetMap, nikafuta kile kipande cha korongoni na kuchora njia ya mzee.